Rangi zinavyotumiwa kumnasa mharibifu wa misitu

KATIKA misitu kadhaa ya Marekani, mpita njia huweza kuona juu mitini kitu kama sanduku lenye pande tatu, rangi ya zambarau, likining'inia tawini. Asiyejua huenda akadhani ni tiara ya watoto iliyokwama. Kumbe ni mtego uliopakwa gundi, na rangi yake imechaguliwa kwa kufuata macho ya mdudu mmoja mdogo aliyeangamiza mamilioni ya miti.

Mdudu huyo ni mbawakawa wa kijani kibichi kinachometameta, mwenye urefu wa takriban sentimita moja, ambaye wanasayansi humwita Agrilus planipennis. Asili yake ni Asia ya kaskazini mashariki, zikiwemo China na Korea. Mwaka 2002 alitambuliwa karibu na mji wa Detroit, Marekani, na ng'ambo ya mto katika mji wa Windsor, Canada. Uchunguzi wa miti iliyokufa ulionyesha kwamba alikuwa amekwisha kuwapo tangu miaka ya 1990, bila mtu yeyote kujua. Inaaminika kwamba aliingia akiwa amejificha katika mbao za kufungia mizigo.

Windo lake ni miti ya ash, ambayo ni ya ukoo mmoja na mzeituni. Jike hutaga mayai katika nyufa za gome. Mabuu wakianguliwa hupenya ndani na kutafuna tabaka laini lililo chini ya gome, ambamo chakula cha mti hupitia. Njia hizo zikikatika mti hufa njaa, mara nyingi katika muda wa miaka michache tu. Mwaka 2017, aina tano za miti hiyo ziliwekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyo katika hatari kubwa mno ya kutoweka.

Balaa hili huanzia juu, katika matawi ambayo jicho la mtu hayafikii kwa urahisi. Majani yanapoanza kukauka, vigogota wanapokuja kudonoa gome wakitafuta mabuu, na vitundu vidogo vyenye umbo la herufi D vinapoonekana shinani, mti huwa umekwisha kuliwa. Ndiyo maana wataalamu walihitaji njia ya kumgundua mdudu kabla ya mti kutoa dalili.

Wadudu wengi hunaswa kwa harufu kali anayoitoa jike kumwita dume kutoka mbali. Huyu hategemei sana mwito wa namna hiyo, hutegemea macho. Siku za jua, dume huruka juu ya majani, na akimwona jike aliyetulia chini yake hujitupa juu yake kama jiwe, wakati mwingine kutoka umbali unaokaribia mita moja. Watafiti walipobandika mbawakawa waliokufa juu ya majani, madume waliwarukia vivyo hivyo.

Je, macho hayo huona nini? Mwaka 2009, watafiti wa Marekani walieleza jinsi walivyopima umeme unaotokea katika jicho la mbawakawa linapomulikwa kwa mwanga wa rangi mbalimbali. Walikuta kwamba dume na jike huhisi miale ya urujuanimno, ambayo binadamu haioni, pamoja na rangi za urujuani, buluu na kijani. Lakini macho ya jike aliyekwisha kupandwa yalihisi pia rangi nyekundu, jambo ambalo macho ya dume hayakufanya.

Matokeo ya mitegoni yanalingana na tofauti hiyo. Zambarau, ambayo ni mchanganyiko wa buluu na nyekundu, huwavuta zaidi majike. Kijani, ambayo ndiyo rangi ya jani na ya mwili wa jike, huwanasa zaidi madume, hasa mtego ukitundikwa juu matawini. Mitego hutiwa pia harufu inayofanana na ya majani yaliyokatwa.

Mwaka 2014, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State walitangaza hila nyingine: majike bandia ya plastiki. Yale yaliyonakili hata vijichoro vidogo kabisa vya ngozi ya mdudu, na hivyo kurudisha mwanga kama jike halisi, yaliwafanya madume watue. Yale yaliyotengenezwa bila umakini huo yaliwavuta kidogo tu, kisha madume wakageuka hewani na kwenda zao.

Msomaji wa hapa kwetu hatashangazwa sana na mbinu hii. Mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi imewanasa mbung'o kwa miaka mingi, na mmojawapo uliundwa Nguruman, Kajiado. Wakulima wa maua nao hutundika kadi za njano zenye gundi katika vibanda vyao ili kuwanasa nzi weupe.

Hata hivyo, rangi peke yake haikumshinda mbawakawa huyu. Mtego humwarifu mtaalamu kwamba adui amefika, lakini haumzuii kusonga mbele. Kuni zilizosafirishwa na watu zilimbeba kutoka jimbo hadi jimbo. Mnamo Januari 2021, serikali kuu ya Marekani iliondoa karantini yake na kuelekeza nguvu katika mbinu nyingine, hasa nyigu wadogo kutoka Asia wanaowaua mabuu na kuharibu mayai. Mwaka 2022 mdudu huyo aligunduliwa Oregon, ng'ambo ya pili ya bara.

Funzo ni kwamba mwenye kulinda msitu hana budi kujifunza kuuona kama adui wake auonavyo, na kufanya hivyo mapema. Detroit ilichelewa kwa miaka kadhaa, na kuchelewa huko ndiko kulikoigharimu Marekani misitu yake.