Utambuzi wa Chanzo cha Sailensi ya Juu katika Gari Kuukuu

Injini ya petroli inayotumia nozeli, ikiwa imekwisha kupata joto na gari limesimama, kwa kawaida huzunguka takribani mara 700 hadi 900 kwa dakika. Kasi hiyo, ambayo mafundi huiita sailensi, hutawaliwa na kiasi cha hewa kinachoingia. Kwa hiyo, sailensi inapobaki juu, swali la msingi ni moja: hewa ya ziada inapitia wapi?

Kwanza hukaguliwa maji ya rejeta, kwa kuwa katika baadhi ya injini za miaka ya 1990, yakipungua, vali inayoongeza hewa wakati injini ni baridi hubaki wazi. Pili, kebo ya pedeli ya mafuta hulegezwa ili kuthibitisha kwamba kilango cha hewa hufunga. Tatu, mipira ya hewa hubanwa mmoja mmoja. Kasi ikishuka, uchunguzi huelekezwa upande wa mpira huo.

Skrubu ya kurekebishia huguswa mwisho. Fundi anayeanza nayo huishusha sailensi huku ufa ukibaki. Ufa ukipanuka, kasi hurudi, na gari la gia otomatiki husukuma mbele hata dereva anapokanyaga breki.