Kabla ya Kumwita Fundi, Tazama Saa ya Kompyuta

Kompyuta ya nyumbani siku hizi si pambo la sebuleni. Kwayo kijana hutuma kazi ya chuo, baba huwasilisha ritani za kodi kabla ya tarehe 30 Juni, na mama huomba cheti cha kuzaliwa cha mwanawe kupitia eCitizen. Siku inapokataa kufungua kurasa, nyumba nzima huingia fadhaa, na lawama ya kwanza huuangukia mtandao. Hununuliwa bando jipya, hubadilishwa waya, na mwishowe kompyuta hubebwa hadi kwa fundi. Leo tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu sababu moja ambayo aghalabu husahauliwa ilhali imekaa mbele ya macho, pembeni mwa kioo: nayo ni saa.

Huenda mtu akauliza, saa na mtandao vina uhusiano gani? Kurasa nyingi za leo, hasa zile zinazotaka nenosiri au malipo, hujitambulisha kwa kompyuta yako kwa cheti cha usalama. Cheti hicho ni mfano wa pasipoti: kina tarehe ya kutolewa na tarehe ya kwisha. Kompyuta hukikagua kwa kuilinganisha tarehe yake na ile iliyo katika cheti. Sasa mfikirie afisa wa uhamiaji ambaye kalenda yake imesimama mwaka 2015. Kila pasipoti mpya atakayoletewa ataikataa, akisema haijaanza kutumika. Kasoro haiko kwa msafiri, iko kwenye kalenda. Wala vyeti hivi havina umri mrefu: tangu Septemba 2020 vivinjari vikubwa havikubali cheti kipya cha tovuti kinachozidi siku 398. Ndiyo maana saa iliyokosea kwa dakika chache aghalabu haina madhara, lakini iliyokosea kwa miezi au miaka hufunga takriban kila mlango.

Basi tutajuaje kama ugonjwa ni wa saa au ni wa mtandao wenyewe? Chukua simu, uiunganishe na waifai ileile ya nyumbani, kisha uzime data ya simu ili isije ikapitia njia yake yenyewe. Fungua ukurasa uleule. Ikiwa simu nayo imeshindwa, tazama ruta: je, taa zake zinawaka kama kawaida, na malipo hayajakwisha? Izime, ungoje nusu dakika, kisha uiwashe tena. Ikiwa simu imefungua na kompyuta imekataa, basi mtandao umefika nyumbani na kasoro imo ndani ya kompyuta. Hapo soma onyo lililo kiooni. Likisema kwamba muunganisho si salama, au kwamba saa yako iko nyuma, elekea kwenye saa moja kwa moja. Na ikiwa saa ni sahihi lakini anwani ya kompyuta katika mtandao inaanza na 169.254, jua kwamba haikupewa anwani na ruta. Ikate kwenye waifai, uiunganishe upya, na ikibidi uzizime na kuziwasha zote mbili.

Katika kuirekebisha saa, wengi hutazama saa na dakika pekee. Anza na mwaka, kisha mwezi na siku, ndipo ufikie saa. Hapa sisi Waswahili tuna mtego wetu. Sisi huhesabu saa tangu kucha kwa jua, ilhali kompyuta huhesabu tangu usiku wa manane. Saa moja asubuhi kwetu ni 7:00 kwayo, na saa nane mchana ni 14:00. Anayeiandika saa moja ya asubuhi kama 1:00 ameirudisha nyuma kwa saa sita nzima.

Baada ya hapo kagua kanda ya saa. Kenya iko saa 3 mbele ya saa ya kimataifa, na katika orodha ya kompyuta utaikuta kwa jina la Nairobi. Kompyuta iliyotumika Dubai huweza kuja na kanda ya huko, iliyo saa 4 mbele. Mwenyewe akiona saa imetangulia, huirudisha nyuma kwa mkono na kuiacha kanda ilivyo. Kiooni saa huonekana sawa, lakini ndani kompyuta imebaki nyuma kwa saa nzima. Jambo hili lina uzito kwa walioweka programu ya nyakati za Swala inayotegemea kanda hiyo: adhana yake itachelewa kwa saa moja. Mwenye kufunga aliyeitegemea kwa daku ataendelea kula ilhali alfajiri imeshaingia.

Ukishaweka tarehe na kanda sawa, ruhusu kompyuta ijisahihishe yenyewe. Katika Windows, bonyeza saa iliyo pembeni mwa kioo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ufungue mipangilio ya tarehe na saa, uwashe sehemu ya kuweka saa kiotomatiki, kisha uiamrishe isawazishe papo hapo. Kompyuta huuliza saa kwa seva maalumu kwa utaratibu uliobuniwa na Mmarekani David Mills na kuchapishwa mwaka 1985. Utaratibu huo hupima hata muda ambao swali na jibu vimetumia njiani. Kwa kawaida hauhitaji kile cheti cha usalama, kwa hivyo kompyuta iliyofungiwa kurasa bado yaweza kupata saa maadamu mtandao upo. Lakini pengo likiwa la siku nyingi, Windows huenda ikakataa kulivuka yenyewe. Ndiyo sababu tumetanguliza kuweka tarehe kwa mkono.

Ikiwa saa husimama sawa, kisha umeme ukipotea au kompyuta ikizimwa hurudi miaka ya nyuma, tuhumu betri ndogo iliyo ndani. Aghalabu ni ile iitwayo CR2032, mviringo kama sarafu, yenye volti 3, upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Kazi yake ni kuiendesha saa wakati kompyuta imezimwa. Kwenye kompyuta ya mezani, zima, chomoa waya wa umeme, fungua kifuniko, utazame upande upi wa betri umeelekea juu, kisha uweke mpya vivyo hivyo. Kipakatalishi kimwachie fundi, lakini mweleze unachokishuku, usije ukatozwa kwa kazi usiyoihitaji. Betri ya zamani usiiache ovyo. Mtoto akiimeza, yaweza kuanza kumuunguza koo ndani ya saa mbili. Mkimbizeni hospitali papo hapo, msingoje dalili.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito kuliko yote. Wako wanaolipuuza onyo na kubonyeza kitufe cha kuendelea, kwa hoja kwamba ukurasa wanaujua. Onyo hilohilo ndilo hutokea pale mwizi anapojiweka baina yako na benki yako. Maadamu saa imekosea, huna njia ya kujua lipi ni kosa la tarehe na lipi ni mtego. Nyumba iliyozoea kulipuuza onyo italipuuza hata siku ya mwizi. Rekebisha saa kwanza. Onyo likiendelea kuonekana katika ukurasa huo, ondoka, wala usiandike nenosiri.

Mambo haya yafundisheni nyumbani kwa mpangilio huu: simu ya kupimia, mwaka, siku, saa, kanda, betri. Hata mtoto wa darasa la saba aweza kuyakagua kwa dakika tano. Na lenye siku ya mwisho, liwe maombi ya chuo au ritani za kodi, ifungulieni kompyuta wiki moja kabla. Betri ya sarafu huuzwa madukani mchana; usiku wa siku ya mwisho hamtaipata.