Siri ya Mgonjwa Mbele ya Mashine

Mshauri nasaha anayehudumia wakazi wa Bulla Iftin, mjini Garissa, akimaliza kumsikiliza mgonjwa hubaki na deni la kuandika: kasema nini, dalili zipi zimepungua, arudi lini. Hapo ndipo akili unde inapomvutia. Ukiipa maelezo yaliyovurugika, hukupa muhtasari uliopangika kwa sekunde chache.

Msaada huo ni wa kweli. Mwaka 2025, Penda Health, inayoendesha kliniki, na OpenAI, waundaji wa ChatGPT, walitoa matokeo ya utafiti uliofanywa katika kliniki 15 za Nairobi, kwa mahudhurio 39,849 ya wagonjwa. Matabibu waliotahadharishwa na programu ya akili unde walipunguza makosa ya utambuzi wa magonjwa kwa asilimia 16, na ya matibabu kwa asilimia 13. Lakini uamuzi ulibaki mikononi mwa tabibu.

Kazi ya mshauri nasaha ni tofauti: sonona haina kipimo cha damu. Kipimo ni maneno ya mgonjwa, na huku ni Kisomali kilichochanganyika na Kiswahili, lugha ambazo mashine hizi zimefunzwa kwa maandishi machache mno zikilinganishwa na Kiingereza. Zisipoelewa, mara nyingi hazikiri. Huziba pengo kwa sentensi zinazosomeka vizuri. Mtu akisema kifua kinambana tangu shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015, lililoua watu 148, mashine inaweza kuandika habari za moyo tu. Mshauri wa hapa atauliza alimpoteza nani.

Linalonitia hofu zaidi ni siri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kuzipeleka nje ya nchi kunahitaji ridhaa ya mwenyewe. Wengi hudhani kufuta jina kunatosha. Hapa Bulla Iftin hakutoshi. Andika "mjane, watoto sita, ana duka la nguo karibu na msikiti, kaka yake yuko Dadaab", na majirani watamjua, pamoja na ukoo wake. Wapo wanaochelewa kutafuta msaada kwa kuogopa tu kuonekana mlangoni. Siri ya mgonjwa mmoja ikivuja, hatakuwa peke yake atakayeacha kuja.

Mashine ipewe kazi isiyomhusu mtu mahususi: kuandaa kipeperushi cha mazoezi ya kupumua, au kupanga mada za mafunzo. Swali la tisa la PHQ-9, dodoso la kupima sonona, linalohusu mawazo ya kujiua, mshauri aliulize mwenyewe, ana kwa ana. Na kabla ya kuingiza neno lolote la mgonjwa kwenye programu, aombe ruhusa kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa. Mgonjwa akikataa, mshauri achukue kalamu aandike kwa mkono.