Jina Moja, Makala Nyingi: Kwa Nini Vijana Wanabishana Juu ya Mabano

Katika robo hii ya mwaka tumepokea swali kutoka kwa kamati moja ya parokia ambalo tumeona tulijibu hapa badala ya kulijibu kwa barua. Wajumbe walipita kwenye chumba cha kompyuta Jumamosi mchana, wakakuta vijana sita wakibishana kwa sauti kama ndani ya mabano ya jina la makala paandikwe "mchezo" au "mchezo wa video". Mwenyekiti alituuliza kwa upole, lakini bila kuficha: je, umeme na bando tunalolipia ni kwa ajili ya mabano? Na tena mabano ya gemu?

Swali hili ni la haki, hususan kwa wahisani waliochangia kompyuta hizo. Nasi tulipolisikia mara ya kwanza tulicheka. Baadaye tulikaa na vijana siku nzima tukaona walichokuwa wanabishania, na kicheko kikapungua.

Vijana hawa wanaandikia Wikipedia ya Kiswahili. Wikipedia ni kamusi elezo ya intaneti iliyoanzishwa Januari 2001, na tawi lake la Kiswahili lilianza mwaka 2003. Hakuna mwandishi mmoja wala mhariri mkuu. Yeyote anaweza kuanzisha makala, na yeyote anaweza kusahihisha ya mwenzake. Kwa kuwa vijana huandika kwa moyo kile wanachokijua, kikundi hiki kilianza na michezo ya video, ile inayochezwa kwenye simu, kompyuta na mashine za kwenye mabanda ya gemu. Tungependa waanze na kilimo cha mboga? Labda. Lakini aliyejifunza kuandika vizuri juu ya gemu hatashindwa kuandika juu ya mboga.

Jina moja halikai nyumba mbili

Katika kamusi elezo ya namna hii, jina la makala ndilo anwani yake. Kompyuta haikubali kurasa mbili zenye jina lile lile. Ninyi mnaoandika barua mnalijua tatizo hili: kuna kata ya Majengo Moshi, kuna Majengo Dodoma, na kuna Majengo Songea. Barua iliyoandikwa "Majengo" tu inaweza kuzunguka mwezi mzima. Kwa hiyo waandishi huongeza neno ndani ya mabano mwishoni mwa jina, kama vile Majengo (Moshi), ili msomaji ajue anaingia nyumba ipi.

Michezo ya video ina tatizo hili kuliko mambo mengi. Kampuni hupenda jina lililokwisha kuzoeleka, kwa sababu jina hilo huuza. Tuchukue mfano wa Doom. Kuna mchezo wa Doom wa mwaka 1993, kuna filamu ya Doom ya mwaka 2005, kuna mchezo mwingine wa mwaka 2016 ulioitwa Doom tu bila namba wala nyongeza, na kuna mfululizo mzima wa michezo unaobeba jina hilo hilo. Hizo ni makala nne tofauti, na kila moja ina watengenezaji wake, tarehe zake na wasomaji wake.

Ilikuwaje Kombe la Dunia likawa na timu 199

Ubishi ule wa Jumamosi ulianzia kwenye kosa. Kijana mmoja alikuwa akiandika rasimu fupi juu ya Kombe la Dunia la mwaka 2010 lililofanyika Afrika Kusini. Aliandika kwamba lilianza mwezi Aprili na kwamba lilikuwa na timu 199. Mwenzake akamwambia kuwa haiwezekani, kwani baba yake aliiona fainali kwenye televisheni mwezi Julai. Mwandishi akasema ametoa habari hizo Wikipedia ya Kiingereza, na kweli alikuwa amezitoa huko. Ila hakuzitoa kwenye makala ya mashindano. Alizitoa kwenye makala ya mchezo wa video wenye jina la mashindano hayo.

Kampuni ya Electronic Arts ilitoa mchezo huo mwishoni mwa Aprili 2010, miezi isiyozidi miwili kabla ya mashindano yenyewe. Uliwekewa timu 199 kwa sababu ulijumuisha karibu timu zote za taifa zilizoshiriki hatua ya kufuzu. Mashindano halisi yalianza tarehe 11 Juni na kumalizika tarehe 11 Julai 2010, yakiwa na timu 32 na mechi 64, na Hispania iliifunga Uholanzi bao 1-0 jijini Johannesburg. Wikipedia ya Kiingereza iliyatenganisha mambo haya mawili kwa mabano: makala ya gemu ina maneno yanayomaanisha "mchezo wa video" mwishoni mwa jina lake. Kijana wetu aliyaona mabano hayo akadhani ni pambo.

Kama rasimu ile ingeingia kwenye makala ya Kiswahili, mwanafunzi wa Tabora au Kitui angeinakili kwenye daftari lake, na mwalimu asiye na kitabu kingine asingekuwa na mahali pa kuihakiki. Wanaosoma Kiingereza wana vitabu na kurasa nyingi za kulinganisha. Kwa mambo mengi msomaji wa Kiswahili huwa na ukurasa mmoja tu.

Vijana walitufundisha jambo lingine ambalo hatukulijua. Katika makala hizi yapo maneno ya rangi ya buluu, yaani viungo, ambayo ukiyabofya yanakupeleka ukurasa mwingine. Kiungo kinachoelekea ukurasa usiokuwapo huwa chekundu, na kila mtu hukiona. Lakini kiungo kinachoelekea ukurasa usio sahihi huwa cha buluu kama vingine, hivyo kinaweza kukaa miaka bila mtu kukigundua. Ndiyo maana wanaona heri wabishane kabla ya kuandika.

Mabano yanaongezwa pale tu yanapohitajika

Waandishi wa Wikipedia ya Kiingereza, ambao wameandika makala maelfu kwa maelfu juu ya michezo ya video, wamejiwekea utaratibu ambao vijana wetu wameuchukua kwa sehemu kubwa.

Jambo la kwanza ni kutoongeza chochote bila sababu. Minecraft haina mwenzake, basi inabaki Minecraft. Jina likigongana na kitu kingine, wanauliza kwanza ni kipi ambacho wasomaji wengi wanakitafuta na kina umuhimu wa kudumu. Hicho hupewa jina tupu. Neno FIFA peke yake humpeleka msomaji kwenye shirikisho la mpira lililoanzishwa Paris mwaka 1904, wala si kwenye gemu, japokuwa katika banda la gemu ukisema FIFA hakuna atakayekuelewa kuwa unazungumzia shirikisho. Pale ambapo hakuna mshindi wa wazi, huandaliwa ukurasa wa maana, yaani orodha fupi inayomwambia msomaji: jina hili lina maana hizi, chagua uliyoijia.

Jina lisipokuwa la gemu kwa asili, mabano husema aina ya kitu: mchezo wa video. Yakiwapo magemu mawili yenye jina moja, huongezwa mwaka: Doom (mchezo wa video wa 1993) na Doom (mchezo wa video wa 2016). Hapa mtu aweza kuteleza, kwa sababu mwaka unaotakiwa ni ule mchezo ulipotoka mara ya kwanza, si ule ulioandikwa kwenye kasha. FIFA 10 ilitoka Oktoba 2009.

Hata mwaka hautoshi kila mara. Mwaka 1989 Nintendo ilitoa Tetris mbili, moja kwa mashine ya Game Boy na nyingine kwa NES. Mwaka ni ule ule, jina ni lile lile, kampuni ni ile ile. Kwa hiyo kinachotofautisha ni jina la mashine. Tuliuliza kwa nini basi wasiandike kila kitu kila mara, yaani mwaka, mashine na kampuni, ili kumaliza ubishi. Binti mmoja akatujibu kwamba jina ni la kuitia mtu, habari zake zimo ndani ya makala. Hatukuwa na la kuongeza.

Kazi kubwa zaidi huja wakati kitu kipya kinapozaliwa na jina la zamani. Mchezo uitwao Prey ulitoka mwaka 2006. Mwaka 2017 ukatoka mwingine uitwao Prey ambao hadithi yake haina uhusiano na ile ya kwanza. Siku hiyo maneno "mchezo wa video" pekee kwenye mabano yanakuwa hayatoshi tena. Makala ya zamani inabidi ihamishiwe kwenye jina lenye mwaka, na viungo vyote vilivyokuwa vikielekea huko vipitiwe kimoja kimoja, maana mashine haijui ni mwandishi yupi alikusudia Prey ipi. Ni kazi ya kuchosha. Wanaoifanya ni watu wa kujitolea, na ni vigumu kuiona kwa macho, kama ilivyo kazi ya yule anayepanga daftari la ubatizo.

Tatizo la neno "mchezo"

Sasa tufike kwenye ubishi wenyewe. Mwanzoni vijana walitaka kuandika "(mchezo)" tu, kwa kuwa ni fupi. Lakini Kiswahili chetu kimelitumia neno hili kwa mengi. Mpira ni mchezo. Bao ni mchezo, na pia bao ni goli. Tamthilia ya redioni ni mchezo wa kuigiza. Na akina mama wa Dar es Salaam wanapochangishana fedha na kupokezana kila mwezi, wanacheza mchezo. Kamati nyingi zinaufahamu huo vizuri kuliko gemu lolote. Mabano yaliyowekwa ili kuondoa utata yangeleta utata mpya. Ukitafsiri mabano ya Kiingereza neno kwa neno bila kuyapima kwa Kiswahili, umebeba ufunguo wa mlango wa jirani.

Wengine walipendekeza "mchezo wa kompyuta". Hilo lilikataliwa, nasi tunaona lilikataliwa kwa haki. Gemu moja hutoka kwenye kompyuta, likahamia kwenye mashine ya kuunganisha na televisheni, kisha likaingia kwenye simu. Wenzetu wa Kiingereza nao zamani walitumia maneno tofauti kwa michezo ya kompyuta na ile ya mashine za ukumbini, kisha wakakubaliana juu ya neno moja kwa zote. Kijana mmoja alitetea "gemu", na kwa kweli ndilo neno la mitaani. Hatimaye walichagua "mchezo wa video", na "gemu" likabaki ndani ya maelezo ili anayetafuta kwa neno hilo naye afike.

Kitu kimoja, majina mawili

Lipo tatizo la upande wa pili ambalo tunaligusia kwa ufupi. Mchezo wa mpira wa kampuni ya Konami uliitwa Winning Eleven huko Japani na Pro Evolution Soccer huko Ulaya. Namba nazo hazikulingana: Winning Eleven 9 ya mwaka 2005 ndiyo Pro Evolution Soccer 5. Kijana aliyechezea kaseti ya Japani na aliyechezea ya Ulaya wanaweza kuandika makala mbili za kitu kimoja bila kujua. Hapo dawa si mabano. Huchaguliwa jina moja, na lile la pili hubaki kama kibao kinachomwelekeza msomaji kwenye makala yenyewe. Mwaka 2021 Konami iliubadili tena mfululizo huo na kuuita eFootball, kwa hiyo vibao vinaongezeka.

Kwa kamati iliyotuuliza: ile rasimu ya Kombe la Dunia imesahihishwa kabla ya kuwekwa, na aliyeikosea ndiye sasa anayepitia viungo vya wenzake kila Jumamosi. Chumba kinafunguliwa saa nane hadi saa kumi na moja, na mjumbe yeyote anakaribishwa kuketi nao. Akifika sasa atakuta wanabishana juu ya Snake, yule nyoka aliyekuwa kwenye simu za Nokia tangu 6110 ya mwaka 1997, aliyetengenezwa na Taneli Armanto wa Ufini. Wazo la mchezo ule ni la zamani kuliko simu hizo, kwani mchezo wa Blockade ulitoka Marekani mwaka 1976, na Wikipedia ya Kiingereza inatenganisha aina hiyo ya michezo na mchezo wenyewe wa Nokia. Vijana watatu wanataka makala mbili, wawili wanataka moja, na wa sita anauliza kwa nini isiitwe Nyoka. Wamemwambia jina hilo tayari lina mwenyewe, na mwenyewe anatambaa.