Mchongo Hutoka kwa Usiyemzoea

Mfanyabiashara akikosa wateja, wa kwanza kuwaendea ni ndugu na marafiki. Kwa mkopo wa mtaji, sawa, hao ndio watakaomwamini. Kwa habari za oda mpya au za muuzaji wa jumla mwenye bei nafuu, mara nyingi hawamsaidii, maana wanayoyajua wao naye anayajua.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alilieleza jambo hili. Katika mji wa Newton, Massachusetts, aliwauliza wafanyakazi waliopata kazi mpya kupitia mtu: mlikuwa mkionana naye mara ngapi? Asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana naye angalau mara mbili kwa wiki. Asilimia 55.6 walikuwa wakikutana naye mara chache, na asilimia 27.8 mara moja kwa mwaka au pungufu. Rafiki wa kufa na kuzikana anazungukwa na watu walewale wanaokuzunguka wewe. Yule mnayesalimiana tu ana watu wake wengine, na habari zao hazijakufikia.

Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha majaribio yaliyofanywa ndani ya LinkedIn kwa zaidi ya watumiaji milioni 20. Hoja ilisimama, ila kwa sharti: waliosaidia zaidi si wageni kabisa, ni watu wa ukaribu wa wastani. Tafiti zote mbili zilihusu ajira. Kwa maoni yangu, habari za biashara hupita njia hiyohiyo.

Mchukulie mama anayeshona sare za shule pale Mwenge, Dar es Salaam. Yumo kwenye grupu la WhatsApp la mafundi cherehani. Humo atajua bei ya kitambaa na atachangiwa akifiwa, lakini oda ya shule si rahisi kuipata, kwa kuwa kila aliyemo anaiwinda. Mwenye habari hiyo ni mhasibu wa shule aliyemshonea gauni mwaka jana, au dereva wa basi la wanafunzi. Kama yumo kwenye magrupu matatu ya mafundi, ningemshauri atoke kwenye mawili, aingie la wazazi.

Ana kwa ana, kwetu hakuna mahali kama maonyesho ya biashara ya Sabasaba, Barabara ya Kilwa. Tarehe 7 Julai, sikukuu yenyewe, waachie wenye watoto na aiskrimu. Nenda siku ya kazi, asubuhi, mwenye banda akiwa bado na sauti. Usianze kujinadi. Muulize vifungashio vyake anavinunua wapi, au mzigo wake husafirishwa na nani. Watu hupenda kuulizwa wanachokijua, na jibu lenyewe tayari ni jina la mtu wa tatu.

Mkiachana, jioni ileile mtumie ujumbe mfupi: mlikutana wapi, na kile ulichomwahidi. Mwombe pia aihifadhi namba yako, kwa sababu stetasi ya WhatsApp haimfikii mpaka kila mmoja awe ameihifadhi namba ya mwenzake. Wengi hugawa kadi mia wakalisahau hili, kisha wanashangaa bidhaa zao hazitazamwi. Stetasi hudumu saa 24 na haimsumbui mtu, ndiyo maana inafaa kwa watu wasio wa karibu. Picha za maua zenye "asubuhi njema", kila siku, zitakufanya unyamazishwe.

Ukitaka kuunganishwa na mtu, usiseme "niunganishe na wakubwa". Andika mistari miwili inayosema wewe ni nani, unauza nini na unamtafuta nani, ili anayekusaidia aitume ilivyo. Na biashara ikifanyika au isifanyike, mrudishie majibu aliyekuunganisha, maana ametumia jina lake kwa ajili yako.