Saa Zisizosubiri: Jinsi ya Kupanga Safari ya Gari ya Pwani na Hifadhi

Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga kuna njia mbili. Moja ni ya lami inayopitia Chalinze na Segera, kilomita zipatazo 350, na basi la asubuhi huimaliza mchana bila abiria kuiona bahari njia nzima. Nyingine huambaa na pwani: Bagamoyo, Hifadhi ya Taifa ya Saadani, Pangani, kisha Tanga. Kwenye ramani hii ya pili huonekana fupi, na ndiyo maana watu wengi huipangia siku moja au mbili. Wanachokiona kinakuwa vumbi, geti lililofungwa na ufuo ambao maji yamekwenda mbali.

Kosa liko katika kuanza na kilomita. Safari ya kutazama mandhari hutawaliwa na mambo manne yenye saa zake, yasiyomsubiri mtu wala kujali uwezo wa gari: maji ya bahari, geti la hifadhi, mwanga wa jua na mvua. Hayo ndiyo ya kuandika kwanza kwenye karatasi. Umbali, malazi na vituo vya kula vipangwe baadaye, katika nafasi zinazobaki. Njia hii ya pwani inafaa kuonyesha hesabu hiyo, kwa sababu yote manne yanakutana hapo.

Chagua wiki kwa mwezi

Bahari yetu hujaa na kupwa takriban mara mbili kwa siku, na muda wake husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku, kwa kuwa hufuata mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakipanda sana na kushuka sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kufikia mita 4 hivi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana.

Wavuvi wanajua jambo ambalo msafiri wa bara hulikosa: katika pwani hii saa za bamvua hazibadiliki sana kutoka mwezi hadi mwezi. Siku za bamvua maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Wiki moja baadaye mambo hugeuka: saa 4 ndiyo ya kujaa, saa 10 ndiyo ya kupwa. Kwa hiyo mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani tayari ana makadirio ya maji. Tarehe 1 na 15, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni za bamvua. Kwa dakika kamili atazame jedwali la maji la bandari iliyo karibu.

Faida yake inaonekana Pangani. Mbele ya mji huo kuna Maziwe, eneo la hifadhi ya bahari tangu 1975. Ni fungu la mchanga lililozungukwa na matumbawe, na maji yakijaa hufunikwa. Boti za Pangani, na za ufuo wa Ushongo ulio kusini ya Mto Pangani, huenda huko kufuata maji kupwa. Ukifika katika siku za bamvua, utaondoka asubuhi, utatembea juu ya mchanga mkavu saa 4, na chakula cha mchana utakila ukiwa umerudi ufukweni. Ukifika katika siku za maji mafu, maji yatapwa alasiri, wakati upepo umeshapanda na wewe unafikiria barabara ya kurudi.

Anayetaka kuogelea ufukweni ana hesabu tofauti. Asubuhi ya bamvua atatembea mamia ya mita juu ya matope na mwani kabla ya kufikia maji ya kiunoni. Yeye aoge jioni ya bamvua, au asubuhi ya maji mafu. Ndiyo sababu nasema wiki ya safari ichaguliwe kwa mwezi kwanza, ndipo upigie simu hoteli.

Geti na kibali chake

Saadani ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ikiwa na ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,100. Upekee wake ni kwamba wanyama wakubwa wa nchi kavu wanaishi mpaka kwenye ufuo wa Bahari ya Hindi. Kuna tembo, twiga, nyati, simba, kuro na kongoni. Mto Wami una viboko na mamba, na mdomoni mwake kuna misitu ya mikoko. Kasa hutaga mayai katika ufuo wa Madete. Lakini picha ya tembo aliyesimama kwenye mawimbi si ya kila siku. Anayekwenda kwa ajili ya hiyo tu atarudi amenuna, na anayekwenda kuona mbuga, mto, mikoko na bahari ndani ya siku moja hatakosa kitu.

Mageti ya hifadhi hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, na ndani mwendo haupaswi kuzidi kilomita 50 kwa saa. Kibali cha kuingia katika hifadhi za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania, kwa kawaida huhesabiwa kwa saa 24. Thibitisha hilo unapofanya malipo, kisha litumie. Mtu anayeingia alfajiri akatoka jioni amepata asubuhi moja na jioni moja, lakini mchana kutwa amezunguka juani wakati wanyama wamelala kivulini. Anayeingia saa 8 mchana, akalala ndani na kutoka kabla ya saa 8 kesho yake, naye amepata jioni na asubuhi, ila saa zake za joto amezitumia barabarani na mezani. Kibali ni kilekile.

Fedha taslimu hazipokelewi getini. Malipo hufanywa kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali kupitia benki na simu. Mtandao wa porini haukupi ahadi yoyote, kwa hiyo lipa ukiwa bado mjini na uhifadhi risiti kwenye simu, na nakala ya karatasi mfukoni. Kumbuka pia kwamba gari lina ada yake, na raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiwango tofauti na wageni. Kila mtu abebe kitambulisho.

Jua liko upande gani?

Pwani yetu inatazama mashariki. Jua huchomoza baharini na kuzama bara, kwa hiyo anayepanga kupiga picha ya machweo juu ya mawimbi amekosea pwani. Panga bahari asubuhi na mbuga jioni, upate mwanga laini kwa vyote viwili.

Jua ni suala la usalama pia. Anayeelekea magharibi jioni analo machoni, na kioo chenye vumbi hugeuka ukuta mweupe. Ukitoka Dar kwenda Mikumi, ondoka alfajiri ili jua liwe mgongoni, na urudi alasiri likiwa mgongoni tena. Mikumi, hifadhi ya taifa tangu 1964, inakatwa na barabara kuu ya kwenda Zambia kwa kilomita zipatazo 50. Huhitaji kibali kupita barabarani, na mara nyingi utawaona swala, nyani, pundamilia na hata tembo. Lakini huruhusiwi kushuka wala kuwalisha, mwendo umewekewa kikomo, na anayemgonga mnyama hutozwa faini kulingana na aina ya mnyama.

Machweo yetu ni mafupi. Kutoka jua kuzama hadi giza kamili hazipiti dakika nyingi, na giza lina baiskeli zisizo na taa, malori yaliyoharibika katikati ya njia na wanyama wanaovuka. Weka saa 11 jioni kuwa mwisho wa kuendesha. Hiyo inakuachia saa moja ya kubadilisha tairi, ikibidi.

Mvua hufunga njia

Masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Sehemu kubwa ya Saadani ina udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukikauka ni mgumu, ukilowa hunasa na kuteleza kwa wakati mmoja, na gari lenye nguvu ya magurudumu yote manne hukwama humo kama mengine. Aprili na Mei ni miezi ya kuiacha njia ya pwani na kupita Segera.

Miezi inayobaki ina faida na hasara zake. Juni hadi Septemba ni kiangazi cha kusi: kuna ubaridi, nyasi zinakauka, wanyama wanasogea kwenye maji, lakini bahari ina mawimbi na upepo. Januari na Februari ni za kaskazi: joto ni kali, lakini maji ya bahari ni angavu na anayetaka kuona samaki wa matumbawe atafurahi. Anayetaka vyote viwili alenge mwanzo wa Oktoba, kusi ikiwa imelegea na vuli haijanyesha sana.

Kumbuka pia kuwa serikali inajenga barabara ya lami ya Bagamoyo, Saadani, Pangani hadi Tanga, zaidi ya kilomita 200, pamoja na daraja la zaidi ya mita 500 juu ya Mto Pangani, mahali ambapo magari yamekuwa yakivuka kwa kivuko kati ya Bweni na Pangani mjini. Kazi kama hiyo hubadilisha njia kipande kwa kipande. Simulizi ya rafiki aliyepita mwaka jana si ushahidi wa hali ya leo. Piga simu getini na hotelini siku mbili kabla ya kuondoka, uulize swali moja: gari la mwisho lililofika lilipita wapi na lilichukua saa ngapi?

Geuza kilomita ziwe saa

Sasa ndipo umbali unaingia. Kwenye lami yenye vijiji, ambako kikomo ni kilomita 50 kwa saa, wastani wako halisi utakuwa 60, hata kama mshale hufika 80. Kwenye changarawe nzuri hesabu 35. Ndani ya hifadhi, ukisimama kutazama, hesabu 15 hadi 20. Kipande cha kilomita 60 kinaweza basi kuwa saa moja au saa nne, kutegemea kiko wapi. Kisha ongeza robo ya muda wote kwa ajili ya trafiki, pancha na mtoto anayetaka kushuka.

Gari liwe lililoinuka, lenye spea mbili kama inawezekana. Beba jeki pamoja na ubao wa kuiwekea chini, kwa sababu jeki huzama mchangani. Beba kamba ya kuvutia, koleo, pampu ya upepo, pembetatu za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto. Kwenye mchanga laini teremsha upepo wa matairi, kwa mfano kutoka psi 35 hadi 20 hivi, ili tairi litanuke na kuelea. Rudisha upepo kabla ya kurejea kwenye lami, maana tairi lenye upepo mdogo hupata moto na kupasuka. Usiendeshe ufukweni: viota vya kasa havionekani, na chumvi hula chuma. Ukirudi, osha gari chini kwa maji baridi. Jaza tangi Bagamoyo, na usitegemee kituo kingine kabla ya Pangani.

Siku tano

Siku ya kwanza, ondoka Dar alfajiri. Bagamoyo ni kilomita 70 hivi. Tembelea magofu ya Kaole na misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, kula mapema, na uwe getini Saadani saa 8 mchana. Siku ya pili, asubuhi ni ya wanyama, kisha elekea kaskazini na ufike Ushongo kabla ya saa 11. Siku ya tatu, ikiwa umechagua bamvua, ni ya Maziwe asubuhi na kuogelea jioni. Siku ya nne, vuka Mto Pangani uitembee Pangani mjini, kisha Tanga, kilomita 50 hivi, ukisimama kwenye magofu ya Tongoni. Siku ya tano, tazama mapango ya Amboni asubuhi na urudi Dar kupitia Segera, au uende mpakani Horohoro kama safari inaendelea Kenya.

Kanuni hizi zinafanya kazi pia kaskazini ya mpaka. Mzunguko wa Mombasa, Malindi, geti la Sala, Voi na kurudi Mombasa unaunganisha hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, na Tsavo Mashariki. Ukiuzungusha kwa mpangilio huo, unatoka Malindi asubuhi jua likiwa mgongoni, unaufuata Mto Galana ndani ya hifadhi, na alasiri ya siku nyingine unateremka kutoka Voi jua likiwa mgongoni tena. Ukiugeuza kwa saa hizohizo, vipande vyote viwili utaviendesha jua likiwa machoni.

Mara nyingi saa hizi zitagongana. Bamvua itaangukia siku ambazo likizo imekwisha, au mwendo wa kufika getini utadai uondoke Bagamoyo kabla ya kuiona. Hapo usiongeze mwendo wala kukata usingizi wa dereva. Futa kituo kimoja, na upendelee kukifuta kile kilicho karibu na nyumbani, ambacho unaweza kukirudia Jumamosi yoyote.