SIMU KIMEO: ZILE NAMBA 15 ZINASEMAJE?

Kabla hujaendelea kusoma naomba uchukue simu yako ubonyeze *#06#. Usiogope, haikati vocha, namba zinatokea zenyewe tu. Kama simu ni ya laini mbili zitatokea namba mbili. Zihesabu, kila moja ina tarakimu 15. Ziandike pembeni, tutazihitaji huko chini.

Hizo ndizo zinaitwa IMEI. Mimi nilizijua kwa maumivu.

Saa sita usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizifungia simu feki. Nilikuwa bado niko shule ya msingi. Bi mkubwa alikuwa na simu yake ya laini mbili, ina tochi, ina redio, na ile spika ukifungulia taarabu mtaa mzima unajua. Aliinunua mjini, iko ndani ya boksi lenye jina la kampuni kubwa, muuzaji anaapa kabisa ni orijino. Asubuhi ya tarehe 17 simu inawaka kama kawaida, redio inaimba, ila mtandao hakuna. Wateja wake wa vitumbua hawampati hewani.

Lakini kilichomkosesha usingizi sio vitumbua. Mama ndiye alikuwa kijumbe wa mchezo wa akina mama pale mtaani, na pesa za wenzake alikuwa amezitunza kwenye simu. Akajua zimekufa pamoja na simu. Siku mbili hali vizuri, akiona mwanachama anakuja anaingia ndani. Siku ya tatu jirani akamwambia, "Shoga, hebu toa hiyo laini tuiweke kwenye yangu." Salio lote likaonekana, hata shilingi haijapungua!

Sasa hapo ndipo penye somo la kwanza. Simu na laini ni vitu viwili tofauti. Laini ndiyo inayosema wewe ni nani: namba yako, vocha yako, akaunti yako ya pesa. Na hata hizo pesa hazikai ndani ya kile kiplastiki, zinakaa kwenye kumbukumbu za kampuni, laini ni kama ufunguo tu. IMEI yenyewe inasema chombo ulichoshika mkononi ni kipi. Ukiwasha simu, mtandao unaweza kuviuliza vyote viwili. Kwa mama laini ilikuwa safi kabisa, aliyekataliwa getini ni chombo.

SASA HIZO NAMBA 15 NI ZA NINI?

Tarakimu 8 za mwanzo zinataja aina ya simu, yaani kampuni na toleo. Hazijitungii mtu, zinagawiwa chini ya GSMA, chama cha kampuni za simu duniani. Tarakimu 6 zinazofuata ni za ile simu moja peke yake, kama namba ya mtihani ya mwanafunzi. Ya mwisho ni mlinzi, inapatikana kwa hesabu kutokana na zile 14. Hesabu yenyewe aliibuni Hans Peter Luhn, injinia wa IBM, akapewa hataza Marekani mwaka 1960. Hata namba za kadi za benki zinakaguliwa hivyo hivyo.

Tujaribu na hii: 490154203237518. Iache ile 8 ya mwisho. Kuanzia kushoto chukua ya pili, ya nne, ya sita, hivyo hivyo mpaka ya 14, kila moja zidisha mara mbili. Ikizaa tarakimu mbili zijumlishe (9 mara 2 ni 18, kwa hiyo 1+8=9). Unapata 9, 2, 8, 0, 4, 5, 2, jumla 30. Zile ambazo hukuzigusa ni 4, 0, 5, 2, 3, 3, 5, jumla 22. Ukichanganya ni 52. Kutoka 52 kufika 60 inabaki ngapi? 8! Ndiyo ile ya mwisho. Sasa fanya na ya kwako. Isipokubali hata baada ya kurudia mara mbili, ndugu yangu hicho ni kimeo.

Ila angalia, ikikubali sio lazima simu iwe orijino. Watengeneza feki walikuwa wananakili IMEI ya simu halali wanaibandika kwenye simu kibao. Ndiyo maana mwaka 2016 ukituma IMEI kwenda 15090 ulikuwa unajibiwa na aina ya simu. Umeshika simu ya kugusa halafu jibu linataja simu ya vitufe, hapo umeingizwa mjini.

KWA NINI ZILIJAA NAMNA ILE?

Wengi wanasema sababu ni bei poa. Ni kweli, lakini sio bei tu. Kumbukeni enzi zile kupiga mtandao mwingine ilikuwa ghali, kwa hiyo watu walitembea na laini mbili tatu, wakichomoa na kuchomeka mpaka zinachubuka. Simu za mchina zikaja na laini mbili wakati kampuni kubwa zimelala. Nokia walitangaza C1-00, simu ya laini mbili, mwaka 2010. Tecno, iliyoanza mwaka 2006, ilishaona upenyo huo mapema, ikauza laini mbili kwa jina lake yenyewe. Leo laini mbili ni kitu cha kawaida. Yaani feki zilikuwa zinamsikiliza mteja kuliko orijino, kosa lake ni kuvaa jina la mtu.

Na sio Bongo peke yake. India walizifungia simu zisizo na IMEI halali mwaka 2009, Kenya wakafunga feki mwisho wa Septemba 2012. Huku kwetu msingi uliwekwa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, ambayo ndiyo iliyoleta daftari kuu la IMEI.

UFANYE NINI

1. Kabla hujatoa hela bonyeza *#06# mbele ya muuzaji. Namba ifanane na ya kwenye boksi na ya kwenye mipangilio ya simu. Kama betri inatoka, angalia na chini yake. Muuzaji akianza kukuharakisha, rudisha simu.

2. Dai risiti yenye IMEI. Ukiuziwa ya wizi, hiyo karatasi ndiyo mdomo wako polisi.

3. Andika IMEI yako kwenye daftari nyumbani. Ukiibiwa, polisi wataiomba na ndiyo itakayofungiwa. Sasa ukiiweka ndani ya simu hiyo hiyo, utaisoma wapi?

4. Fundi akikwambia anaweza "kubadilisha IMEI" ili simu iliyofungiwa irudi hewani, kimbia. Ni kosa kisheria.

Mama alinunua simu nyingine kwa pesa ya vitumbua, ilimchukua miezi minne. Rahisi ni ghali jamani. Ile ya zamani hakuitupa, mpaka leo iko jikoni, anasikilizia taarabu. Na kwenye lile daftari la mchezo, ukurasa wa kwanza kabisa juu ya majina ya wanachama, ameandika tarakimu 15 kwa kalamu nyekundu.

Haya, nani ambaye hesabu yake imegoma? Semeni hapo chini tusaidiane. Tuko pamoja.